Wageni wa Kaburini

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Goma, mu mutaa wa Mapendo, tuko wazima, mugongo tu ndio unanisumbua. Tantine yako, binti yangu wa mwisho, amezaa mutoto mwanamuke. Unauliza kama sisi Wakristo tunaweza kuacha mutoto wako avae maski ya Halowini, aende kuomba bonbo, zile pipi, kwa majirani huko Kanada.

Nilikuwa na miaka saba wakati vita ya miaka ya sitini ilituleta Goma. Siku ya kuombea marehemu ikafika, na makaburi yetu yote yalibakia Butembo. Mama akatupeleka ku makaburi ya hapa, akasema, «Muchague moja yenye haina mutu wa kuitembelea.» Mimi niliogopa wafu sana. Lakini niling'oa majani, nikawasha mushumaa.

Mara mama mumoja muzee akafika, mwenye kaburi, alikuwa amechelewa. Nilifikiri atatupiga. Akauliza majina yetu, akaikala chini, akatugawia viazi vyake.

«Ni mutoto wangu huyu,» akasema, akigusa kaburi. «Leo amepata wageni.»

Woga wangu uliishia pale.

Mambo ya maski siyajui vizuri. Muache avae. Kisha siku mbili kupita, siku ya marehemu, mumupeleke ku kaburi yenye haina mutu.

Koko yako