Mama Mkwe Yu Hai, Risiva Ninunue Ipi?

Shangazi Rahmah mpendwa,

Nisaidie haraka, maana Jumamosi lazima nirudishe dukani risiva moja kati ya mbili na mpaka sasa sijui nibaki na ipi, na pia mke wangu ameondoka.

Jambo lenyewe liko hivi, siku nyingi nimekuwa nikitamani sebule yangu ilie kama ukumbi wa sinema, spika mbele, spika nyuma, sabufa kwenye kona, sasa Elisée, Mkongomani mwenye duka mjini, akanipa risiva mbili, hizi mashine za kuendesha spika, nizijaribu nyumbani, zote zina programu inayopima chumba kwa maikrofoni kisha inarekebisha sauti yenyewe, ila moja inapima kiti kimoja tu, cha mwenye nyumba, na nyingine inapima viti vingi, na Elisée akaniambia, "Papa Jibril, hii mashini iko nasikia chumba, inapenda kimya kabisa, na bintu byote byenye kuzuia njia ya sauti utoe." Basi nikatoa. Shangazi, nilitoa kila kitu, makochi, meza, zulia, hata vitambaa vya kufuma ambavyo mama mkwe ametutandikia mpaka juu ya televisheni, nikavipanga vyote kwenye korido ya nje, nikazima friji, nikamwambia mke wangu Husnah asitembee, nikazima na jiko wakati maharagwe yalikuwa hayajaiva.

Sasa huyo mama mkwe, Bibi Kulusum, anakaa nasi tangu augue malaria, na siku hiyo alikuwa amelala chumbani, nami nikashukuru, kwa sababu akiwa sebuleni anavuta kiti chake mpaka pua inakaribia kugusa televisheni, na kila mtu kwenye tamthilia akifungua mdomo yeye anauliza, "Huyo amesema nini?" mpaka uhondo wote unaisha. Nikabonyeza. Risiva ikaanza mlio wake wa kupimia, kwanza mguno mzito kutoka kwenye sabufa ukapita ukutani, kisha kimya. Jirani yetu Alum alikuwa anapanda ngazi, akakuta makochi koridoni, akasikia mguno, akasikia kimya, na anajua mgonjwa yumo ndani, na wewe unajua hapa kwetu viti vikitolewa sebuleni ni kwa ajili ya waombolezaji. Akapiga yowe, "Banange, Bibi amekwenda!"

Kabla sijahamisha maikrofoni kwenda kiti cha pili, Ojara wa ghorofa ya chini alikwisha kuingia na gunia la mkaa, wanawake wametandika mikeka, sukari imefika, na mzee mmoja ananiuliza tunazika kwao Bombo au wapi. Yowe likamwamsha Bibi Kulusum, akatoka na shuka lake, akauliza, "Nani nakufa?" lakini wote walikuwa wameinamisha vichwa, hakuna aliyemjibu, basi akakaa mkekani akalia nao kwa uchungu kabisa, mpaka aliposikia Alum anasema, "Huyu Bibi Kulusum ndiye alinifundisha kufuma." Akasimama. Watu wawili wakakimbia. Na hapo, Shangazi, ndipo kosa langu lilipo, nilikuwa bado nimeshika rimoti, risiva imeandika kwenye televisheni kwamba kelele zimezidi, nikapaza sauti, "Nyamazeni kidogo, bado inapima!"

Husnah akanitazama akasema, "Na kama mama angekuwa amekufa kweli, Jibril, ungetuambia tunyamaze?" Nikachelewa kujibu. Sasa wako Kawempe kwa dada yake, wamekwenda na vitambaa vyote, na Bibi anasema harudi kwa mtu aliyemfanyia msiba na hata chozi hakutoa, na Husnah anasema bila mama yake na yeye harudi.

Makochi nimeyarudisha, lakini sauti imekuwa nzito, kila mtu anaongea kama yumo ndani ya blanketi, nahofia risiva ni mbovu. Nibaki na ipi? Na ile sukari ya watu niirudishe? Nimeshaifungua.

Jibril, Bugolobi

*

Jibril,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwomba mama mkwe wako msamaha. Nimeona sabufa, nimeona friji, nimeona maharagwe. Msamaha sikuuona.

Pole, hata hivyo. Nyumba iliyozoea "amesema nini?" ikinyamaza ghafla inatisha, na wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya asingechelewa kumjibu mkewe, angedanganya hapo hapo.

Tuanze na risiva, maana najua hutanisikia mpaka tuimalize. Si mbovu. Nimemuuliza mpwa wangu Nasif, anayefunga vyombo hivi majumbani, akacheka mpaka akakaa chini. Chumba kitupu kina mwangwi. Sauti inagonga ukuta na sakafu, inarudi kali. Mashine ikasikia ukali huo ikaupunguza. Halafu ukarudisha makochi na zulia, ambavyo navyo vinameza sauti, ndiyo maana umebaki na blanketi. Elisée alikwambia utoe vilivyokaa kati ya spika na maikrofoni, bwana, hakukwambia uhame! Chumba kinapimwa kama kinavyokaliwa.

Baki na ile ya viti vingi. Ya kiti kimoja inamfaa mtu anayeishi peke yake, na wewe uko karibu kufuzu. Dai waranti ya maandishi, nunua na kifaa cha kulinda umeme, na usiifunike risiva kwa kitambaa, itachemka.

Sasa lililo kubwa. Umeandika kwa mkono wako kwamba mama anavuta kiti mpaka kwenye televisheni na anauliza kila neno. Jibril, huyo mama hasikii vizuri! Umepima ukuta, umepima zulia, kwa nini yeye hukumpeleka kupimwa masikio? Mpeleke wiki hii hii. Na maneno ya watu kwenye filamu hutoka spika ya katikati. Ukishapima, pandisha sauti ya hiyo kwa ajili yake.

Kesho nenda Kawempe, usingoje Jumamosi. Vaa kanzu. Mambo ya spika yaache nyumbani. Mbele ya Husnah mwambie mama yake, "Mama, nilikosa. Ungeondoka kweli ningelia." Useme tu kama ni kweli, na nadhani ni kweli. Kisha nyamaza, umsikilize akuseme mpaka achoke. Kuhusu sukari, nunua nyingine, uwaite Alum na Ojara na wote waliokuja, uwapikie chai. Wakae kwenye makochi safari hii, wamwone Bibi akinywa nao.

Akikubali kurudi, vitambaa virudi mahali pake. Ukipima tena, anza na kiti chake, maikrofoni ikae usawa wa sikio lake, naye awe pembeni anatazama. Mashine ikitaka kimya, usimwamuru, mwombe. Na akikohoa katikati, usiseme neno. Anza upya.

Shangazi Rahmah