Nambari Thelathini na Saba

Porto, 11 Novemba 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua hakikubani sana tangu baridi ianze huko Lamego. Mpe Mama pole ya goti. Mimi mwili hauna neno.

Barua yako nimeipata. Unasema Bwana Aurélio mfamasia alikucheka mkahawani mbele ya watu, kwamba picha uliyotundika sebuleni ni karatasi tu, na Porto wanazitoa kama mikate. Unataka nikuandikie, kwa muhuri wa hapa kazini, kwamba duniani ziko mia na hamsini tu, kila moja na nambari yake na saini ya mchoraji, na ya thelathini na saba ni yako wewe. Umeshamwapia hivyo. Huko kila mtu anajua kwamba wewe, Mwalimu Teófilo, husemi uongo.

Baba, siku ya kufunga toleo la picha hiyo, tajiri wangu Bi Hermínia aliwaalika wateja karakanani. Mchapaji alilikwangua jiwe la kuchapia, msalaba kutoka pembe hadi pembe, kisha akatoa karatasi moja ya mwisho yenye ule msalaba, kila mtu aone kwamba picha imekufa. Nilikuwapo. Wazee wengine walivua kofia kama wako mazishini. Ndipo nilipokushauri ununue.

Mwezi uliopita nilishuka karakanani kuulizia karatasi, nikaikuta picha yetu inaning'inia kambani, wino mbichi, msalaba hakuna. Mchapaji aliniona nimeduwaa, akawaambia wenzake kwamba daktari wetu, jina wanalonitania kwa usomi wangu, ameona mzimu. Akanieleza bila haya kuwa kabla ya kulikwangua jiwe lile walikuwa wameihamishia picha kwenye jiwe jingine. Akasema wale wazee walivulia kofia jeneza tupu.

Nilidhani mchoraji anaibiwa. Nikapanda tramu hadi Foz kwa Mzee Vidigal kumwambia. Alinikaribisha jikoni, akanimiminia mvinyo, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nilifikiri saini zingejiandika zenyewe. Rundo la picha lilikuwa mezani, chini ya kitambaa. Akasema, "Nilipokuwa na njaa hakuna aliyetaka hata moja, kijana. Leo wanazitaka, niwanyime?"

Nilipaswa kuondoka, Baba. Nilibaki nimekaa. Alimpigia simu Bi Hermínia mbele yangu, akamwambia karani wako yuko hapa, nasikia ana mwandiko mzuri, na macho yangu hayawezi tena nambari ndogo. Alipoweka simu alinisogezea penseli. Yeye akawa anatia saini kulia, mimi naandika nambari kushoto, kwa mwandiko ulionifundisha wewe. Nilipofika kwenye thelathini na saba, nambari yako, niliweka penseli chini. Akacheka, akaniuliza, vipi msomi, baba yako hakukufundisha kuhesabu?

Nikaiandika.

Tangu siku hiyo Bi Hermínia ananiita mwanangu, na amenihamishia meza karibu na dirisha. Polisi wakija, mwandiko watakaoukuta ni wangu. Yeye anajua, nami najua kwamba anajua.

Katika bahasha hii utakuta karatasi nyingine, yenye muhuri. Inasema ziko mia na hamsini tu. Nimeipiga chapa mwenyewe, Bi Hermínia ametia saini bila kuisoma. Hiyo ndiyo ya kumwonyesha Bwana Aurélio, kama utaweza kuishika mbele ya watu. Barua hii ni yako peke yako. Ukiona vema kuwapelekea wakubwa, ipeleke, sitasema umenionea. Mimi nimejaribu mara mbili kwenda polisi, nikaishia mlangoni.

Mama usimweleze. Mwambie tu sweta aliyonitumia imenienea. Dada Graça na wanawe nawasalimu.

Mimi mwanao,
Leonel