Mgongo wa Athumani

Eagan, Jumapili, Machi 1996

Nimemchoka yule mwigizaji wa Misri, na wala sijawahi kukutana naye.

Tangu tuoane Athumani ananisimulia maisha ya mwigizaji huyo: alivyokuwa karani wa posta, alivyopata umaarufu, wake aliooa na kuwaacha. Na kila hadithi inaishia palepale, kwamba mume wangu, alipokuwa mwanafunzi Kairo, aliigiza naye filamu. Hapa Minnesota wageni wanaisikia kabla hawajavua makoti.

Leo Nadia, Mmisri ninayefanya naye kazi, kaja na kaseti ya filamu yenyewe. Sebule ikajaa Watanzania. Mimi nikakimbilia pilau langu jikoni. Kama nimeolewa na mwongo, sikutaka kulijua hilo mbele za watu.

"Mama Zuhura, njoo! Ndiyo mimi huyo!"

Nikatoka. Kwenye televisheni, mhudumu wa hoteli, kanzu nyeupe, sinia mkononi, ametupa mgongo. Sekunde mbili. Kisha nyota mwenyewe akasimama mbele yake, akamfunika kabisa.

"Kaka, huo si mgongo wa mtu yeyote tu?" akauliza Hamisi, jirani yetu.

Wakacheka wote. Athumani hakucheka. Alinitazama mimi.

"Ni yeye," nikasema. "Bega la kushoto limeshuka. Nalijua."

Na kweli ni lake. Nikamshukuru Mungu kwamba mume wangu si mwongo.

Sasa nafikiria upya. Mwongo angeumbuka, akanyamaza. Huyu kamwomba Nadia kaseti ibaki kwetu mpaka Idi.