Siti Saba na Dole Moja

Mume wangu, Baba Rashid,

Amani iwe juu yako huko ulikolala, na udongo ukuwie mwepesi. Mie mkeo ni mzima wa kula na kusema, magoti ndiyo yamekwisha. Usishangae kupata barua yangu. Ulipokuwa hai hukupata hata moja, maana kalamu sikupata kuishika; nilikaa nyumbani kulea wadogo zangu, wenzangu wakenda skuli. Anayeandika ni Zulfa, binti wa mwanetu Rashid, yule tuliyemlea tangu anatambaa, uliyekuwa ukimwita mke wako mdogo. Sasa ni mwalimu, ana chaki hata kwenye nyusi. Nimemwambia: andika ninavyosema, usinipambe.

Sina raha, Baba Rashid. Nakwambia mapema, usije ukasikiliza ukitaraji kicheko.

Ijumaa alikuja Rashid kutoka Unguja. Alishuka boti Mkoani, mpaka kufika hapa Gando adhuhuri imeshapita. Amekuwa na ndevu nyeupe, mwanao. Hakukaa vizuri mkekani, hata maji hajanywa, akatoa simu. "Mama, tazama."

Nikatazama. Moyo ukaniruka kama kuku aliyeshikwa mguu. Ilikuwa gari yako! Taa mbili za duara kama macho ya mtu aliyeambiwa jambo, bampa ya nikeli inang'aa, chini kijani cha jani la mgomba, juu nyeupe ya tui.

"Umeipata wapi gari ya baba yako?"

"Siyo yake, mama. Hii mpya. Imetengenezwa juzi tu, ila wameipa sura ya kizamani."

"Kwa nini?"

"Watu wanapenda."

"Watu wanapenda vizee? Mbona mie nipo hapa miaka yote hajaja mtu kuniagizia?"

Zulfa alicheka mpaka akaweka sahani chini. Rashid hakucheka. Alikuwa akinitazama usoni kama mtu anayengoja daktari atoke ndani.

Nikamuuliza, ndani ina nini. Akasema ina ubaridi, ina redio, ina kioo kinachoonyesha nyuma bila kugeuka, na haihitaji kusukumwa. Hapo nikakukumbuka weye, maana yako isiposukumwa ilikuwa kabati tu la chuma.

Wakumbuka? Ilikuwa imeshazeeka ulipoinunua. Hukupata kuiegesha mahali tambarare, kila siku juu ya mteremko, pua inatazama chini, ili asubuhi iteremke yenyewe mpaka injini ikamate. Na mie kazi yangu ilikuwa jiwe. Jiwe lile jeusi, la kutia chini ya gurudumu isikimbie. Tukipanda kilima cha kwenda Wete, nyuma magunia ya karafuu, juu magunia, watoto juu ya magunia, injini inakohoa, weye unapiga kelele, "Mama Rashid, jiwe!" Na mie nimeshashuka zamani, nimelikumbatia tumboni kama mtoto, buibui nimelifunga kiunoni, nakimbia nyuma ya gurudumu. Wanawake wa njiani wakiniita "Bi Jiwe". Nikiwajibu, "Nyie mna waume wenye magari mazima, mbona mnakwenda kwa miguu?"

Ulinikalisha mbele. Wenzio waliwaweka wake zao nyuma na mizigo. Ulininunulia mto nikalie, nione njia. Na siku hizo za kurudi, karafuu zimeshauzwa, gari tupu, mlikuwa mmebaki na harufu tu, gari na weye na watoto, harufu ya makonyo ya karafuu na jasho. Mpaka leo nikipita uani kwa mtu aliyeanika karafuu, nageuza shingo kutafuta gari.

Tena herufi ninayoijua mie duniani ni moja, ile Z ya kwenye kibao cha gari yako. Sokoni Wete nikiwa na mizigo, naitafuta ile Z na doa la kutu pembeni yake, najua hapo ndipo kwangu. Alipozaliwa huyu mtoto, Rashid akauliza tumpe jina gani, nikasema lolote mradi lianze na herufi niijuayo. Ndiyo maana ni Zulfa. Yeye mwenyewe hakuwa akijua, kaambiwa leo, kaniangalia hivi, kisha kaandika.

Basi nirudi kwenye shida.

Rashid anataka kuninunulia gari ile. Anasema kwa magoti haya sipaswi kupakiwa bodaboda kwenda hospitali ya Chake kama gunia la mbatata. Zulfa atajifunza kuendesha. Na gari itanunuliwa kwa pesa za shamba, shamba letu la mikarafuu, lile la nyuma ya bonde. Mnunuzi kapatikana. Rashid amekubali kwa fungu lake. Mwanetu Salma naye kakubali kutoka Maskati, kalia kwenye simu lakini kakubali. Limebaki fungu langu la mke, ile thumuni, sehemu ya nane niliyorithi kwako. Bila dole langu, shamba haliuziki. Karatasi imeachwa hapa, na kidau cha wino. "Ukiwa tayari, mama, tia dole, Zulfa anipigie picha anitumie. Siku hiyo hiyo naagiza."

"Gari ya familia, mama," akaniambia. "Siti saba."

Siti saba! Alipozitaja sikuzihesabu, nimezihesabu leo asubuhi nikikuna nazi. Mbele ni weye, na weye uko chini ya mchanga. Pembeni yako mie. Nyuma Salma, ambaye nina miaka simjui ila uso, simu ikikatika na uso umekatika. Rashid yuko Unguja. Wanawe wengine hawajui hata njia ya kuja. Zulfa ataolewa, Inshallah, na atakwenda. Basi ni mie na viti sita vitupu, nina ubaridi, nina redio, nakwenda kupimwa presha. Kuna gari ya familia, Baba Rashid, lakini familia yenyewe imekwenda wapi?

Na shamba nalo, nisikudanganye. Mikarafuu uliyoipanda imezeeka, mingine imekauka vichwa. Msimu uliopita karafuu zilianguka zenyewe, hatukupata wachumaji. Lakini nikipita chini yake bado nakusikia. Mti ule wa mwanzo una alama ya panga lako pale ulipokuwa ukikwea. Naweka kiganja hapo. Nikiuza hapo, nitaweka kiganja wapi?

Ingekuwa mwisho ni huu ningekataa, nikanywa chai yangu. Siyo mwisho.

Nilimuuliza Rashid, "Kwani nimekuomba gari mie?"

Akasema taratibu, anatazama mkeka, "Nataka nikurudishie, mama. Ile niliyoiuza."

Mtu mwenye ndevu nyeupe, machozi yanamwingia mdomoni. Na mie nilikaa pale kama kinu. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie, kwa sababu walio hai wote nimewaogopa.

Sikiliza sasa. Ulipokufa niliingia eda chumba cha ndani. Gari ilibaki pale mteremkoni, na jiwe langu chini ya gurudumu. Kila asubuhi watu waliokuja kunihani wakaiegemea, wakaipigapiga bodi, wakasema maskini gari ya Mzee. Upepo ukivuma, harufu yake inaingia dirishani, na kofia yako ilikuwa bado juu ya dashibodi. Sikulala, sikula. Nilikuwa naisikia ikikungoja.

Siku moja Rashid akaja mlangoni na karatasi na wino. Kijana wakati huo, ndevu nyeusi. Akasema, maneno yake haya haya: "Mama, hii karatasi ni ya gari. Kuna mtu wa Chake anaitaka. Mie siitaki kuiuza. Ukisema hapana, haiuzwi."

Alinisomea. Mstari kwa mstari alinisomea, Baba Rashid. Nikanyoosha mkono chini ya pazia nikatia dole.

Zulfa kaweka kalamu chini. Ananiuliza, "Bibi, hili nalo niandike?" Nikamwambia, "Hili ndilo nililokuitia. Andika, mke mwenzangu."

Siku ya pili walikuja kuichukua. Mie ndani, mwenye eda hatoki. Nikasikia jiwe linavutwa. Nikasikia gurudumu linakata mchanga, linateremka, linateremka, kisha injini ikakamata pale pale ilipozoea kukamata, kwenye mgomba wa chini. Na ikaenda. Hapo ndipo nilipojua umekufa. Nikapiga ukelele ambao sikuupiga siku ya maziko.

Wanawake wakaingia mbio. "Kuna nini, Mama Rashid, kuna nini?"

Nikasema, "Gari ya mume wangu! Wamenitilisha dole, mie sijui kusoma, sijui nilichotilia!"

Basi. Maneno hayo tu. Na nani asingeniamini? Mwanamke hakusoma, yumo edani, mwanawe kamletea karatasi. Kutokusoma kulikonidhili maisha yangu yote kulinifaa siku ile moja. Mpaka magharibi Gando nzima inajua kuwa Rashid kamuibia mama yake eda hata haijaisha. Msikitini wakamwachia nafasi pembeni. Mwenye duka akimpa bidhaa hamtazami. Na yeye, mwanao, hakunikanusha hata mara moja. Angeweza kusema nilimsomea. Alisema tu, "Nisamehe, mama." Kabla sijatoka edani alikuwa ameshahamia Unguja, na Zulfa akaniachia mie. Mie nilijiambia kamuacha ili nisikae pweke. Kumbe kamuacha ili maneno ya Gando yakimfuata Unguja, mtoto asije akaitwa mtoto wa mwizi peke yake ugenini. Hapa angalau angeitwa mjukuu wangu.

Miaka yote hiyo akija anakuja na vitu. Friji. Kitanda. Feni. Navipokea kama mtu anayedai. Ningeweza kumwambia wakati wowote, tukiwa tunakula, tukiwa tunakwenda kaburini kwako. Mdomo unafunguka, unaomba chumvi.

Nilitaka iondoke. Ilipoondoka nikataka irudi. Hapo katikati ndipo nilipomtupa mwanangu.

Na sasa anataka kuuza mikarafuu yako anilipe kitu ambacho hakukichukua. Nikitia dole, nauza jasho lako kununua uongo wangu, tena uongo wenye taa za duara. Kila nikiupanda nitaukalia. Nisipotia, atajua sijamsamehe, na atabeba tena, na mtu mwenye ndevu nyeupe hana tena miaka mingi ya kubeba. Nimekaa na karatasi ile tangu Ijumaa. Jana nilichovya dole kwenye wino mara mbili, nikalifuta kwenye kanga. Kanga imeharibika.

Aliondoka Jumapili. Nilimfungia mkate wa kumimina, akaupokea kwa mikono miwili kama mgeni. Mlangoni alijikwaa kwenye jiwe letu. Ndiyo, lipo. Waliliacha mteremkoni, nikaliokota siku niliyotoka edani, ndilo linashikilia mlango usijipige. Rashid akainama akalirudisha mahali pake, akalishika kidogo. Nikamwita, "Rashid!" Akageuka. Nikamwambia, "Funga kifungo cha shati."

Huyo ndiye mkeo. Bi Jiwe.

Weye ulikuwa unajua kusoma. Ukinisomea barua za nduguzo, mabaya unayaruka, nami nikijua umeruka kwa jinsi unavyokohoa. Leo sina wa kunirukia. Gari siitaki, Baba Rashid. Kitu kilichozaliwa jana kikajifanya kizee hakiwezi kunirudisha mahali. Shamba libaki, hata likikauka lote likauke likiwa letu. Karatasi ya mnunuzi nimemwambia Zulfa airudishe kwenye bahasha kama ilivyokuja, nyeupe mahali pa dole.

Lakini Rashid anangoja picha ya karatasi yenye dole. Kila simu ikilia anaruka, Zulfa amesema. Basi atapata picha. Atapigiwa hii barua, kurasa zote, na ukurasa huu wa mwisho. Akishaisoma anaweza kuja, anaweza asije tena. Mie kwa upande wangu sitaraji. Mtu ukimnyang'anya jina lake miaka yote hiyo hulirudishi kwa barua. Lakini na Gando nao waisome, Zulfa aibandike hata mlangoni kwa mwenye duka. Waliosikia ukelele wangu wasikie na hili.

Niwekee mahali karibu yako, sitokawia. Na tukionana usiniulize habari za gari. Niulize nimemfanya nini mtoto.

Zulfa kanisogezea wino. Kanisomea yote tangu juu, mstari kwa mstari. Natia dole langu hapa chini. Hili najua ninachotilia.

Na lile pia nilijua.

Mkeo,
Mama Rashid