Magauni Kumi na Moja na Maua ya Ma Advera

Jumapili, jioni. Mvua imenikuta kati ya stendi na nyumbani, nimeingia Hamugembe nimelowa chapachapa, na wala sijali. Leo nimeshinda.

Nianze na aibu, maana ushindi bila aibu yake haueleweki.

Mwaka jana nilikuwa ndiyo kwanza nimeacha kazi kwenye duka la ushonaji kule Bakoba nikajiajiri hapa nyumbani. Dukani habari zilikuwa zinakuja zenyewe. Mteja akisema jambo, mafundi sote tunasikia. Hapa nilibaki na cherehani na simu. Simu nayo niliijaza kurasa za mitindo ya Lagos, na kundi la wazazi wa komunyo wa kigango cha kijijini kwetu, Buganguzi, walikoniingiza kama fundi wa magauni, nikalizima sauti. Sababu ilikuwa Ma Advera. Kila alfajiri anatuma picha ya ua lenye maneno ya baraka, na mimi maua yalinichosha.

Chini ya maua hayo katekista alikuwa ameagiza magauni yawe na mikono mirefu. Nilishona mifupi, yote.

Watoto walipokea komunyo wamevaa masweta ya shule juu ya magauni meupe. Mjukuu wa Ma Advera yumo kwenye picha ya ukumbusho na sweta la kijani. Picha hiyo iko ukutani sebuleni kwao, na kila nikienda kusalimia nakaa nikiipa mgongo.

Kwa hiyo mwaka huu, Ma Advera aliponiletea kitambaa cha mjukuu wa pili, nilijua nikikosea tena Buganguzi hawatanipa hata kifungo nishone. Siku hiyohiyo nilikaa na simu nikaipanga upya. Kurasa za Lagos nikabakiza mbili, nami ni binadamu. Makundi matatu nikayabandika juu kabisa: wazazi, mafundi wenzangu, na ukoo. Mengine nayafungua mara moja kwa siku, pasi ya mkaa ikiwa inapata moto.

Nilijiona mjanja. Kumbe nilikuwa sijajaribiwa.

Alhamisi asubuhi, nikiwa na chai mkononi, katekista akatuma ujumbe wa sauti kwa wazazi: padri amepata safari, komunyo ni Jumapili hii, siyo ile inayofuata. Nilikuwa na magauni kumi na moja, na saba hayakuwa na mikono.

Nililia kidogo, nakiri. Halafu nikaandika kwenye kundi la mafundi kwamba nimezidiwa. Zamani ningeona haya kusema hivyo. Kabla ya saa nne Jasinta, niliyekuwa naye kule dukani, alishuka kwenye bodaboda amepakata cherehani yake. Tulishona siku mbili, tukala ndizi moja kwa moja kutoka sufuriani, tukacheka kama zamani. Sikujua nilikuwa mpweke kiasi kile.

Leo watoto kumi na mmoja wamepanga mstari, mikono imefika kwenye viganja. Hakuna sweta hata moja. Nimesimama nyuma ya kanisa nikihesabu mikono badala ya kusali, Mungu anisamehe.

Nilikuwa na jambo jingine kwenye mfuko. Gauni la yule mjukuu mkubwa, la mwaka jana, nilikuwa nimemwomba mama yake kimyakimya nikalitia mikono mirefu na kulishusha pindo. Baada ya misa akalivaa, na wajukuu wawili wakapigwa picha pamoja, weupe watupu.

Ma Advera aliitazama picha kwenye simu. Kisha akanishika mkono, akanishukuru kwa Kihaya.

"Kasinge waitu. Ile ya sweta naishusha leo."

Nimekaa na chai sasa, nguo zinachuruzika kwenye kamba. Kesho alfajiri ua litaingia kwenye kundi, kama kawaida.

Ua la kumjibu nimeshalichagua.