Kitufe cha Nyuma

Duluth, 5 Oktoba 2025

Mdogo wangu Reino,

Hujambo huko Thunder Bay? Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi hautaki niinue hata birika.

Najua hatujaandikiana tangu tugawane vitu vya Baba, miaka minne sasa. Ulisema spika zake nimezichukua kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Nilizichukua kwa sababu ni ndefu kuliko mlango wako.

Sasa zimenyamaza. Amplifaya yake ya valvu, ile mashine ya kukuza sauti yenye taa za kioo, imekufa, na kwa uzito ule siwezi kuibeba hadi kwa fundi. Nimenunua nyingine, ya digitali, ndogo kama Biblia ya mezani. Nimekuwekea picha yake ya mbele humu. Inaimba vizuri, lakini kila matoazi yanapolia kwenye ile santuri ya Baba ya dansi ya tango, taa nyekundu inawaka, halafu kimya.

Kuna mtu wa Minneapolis anazitaka spika. Anakuja Jumamosi tarehe 29 Novemba. Zisipoimba mpaka siku hiyo, zinaondoka. Wewe ndiye unayezijua. Nisaidie.

Dada yako,
Kaarina


Thunder Bay, 15 Oktoba

Dada Kaarina,

Goti ni baya, na roho imekuwa mbaya zaidi baada ya kusoma barua yako. Pole kwa mgongo. Weka chupa ya maji ya moto na uache kujitia ushujaa.

Digitali! Kwenye spika za Baba! Miaka ishirini napiga kelele katika jarida la klabu yetu ya wapenda valvu kwamba umeme uliokatwakatwa kama kabichi haufai kuitwa muziki, halafu dada yangu wa tumbo moja ananifanyia hivi!

Spika zile si kama za watu wengine. Zina utando mwembamba kuliko plastiki ya kufunikia sahani, umetandazwa katikati ya vyuma viwili na kujazwa umeme. Sauti ikiwa nzito, utando ni mzigo mwepesi. Sauti ikipanda juu, unakunywa umeme kama mlevi siku ya mshahara. Ndiyo siri ya matoazi: kisanduku chako kinadhani nyaya zimegusana, kinajizima kwa woga. Wauzaji hawakwambii hayo. Wanauza wati tu, kana kwamba muziki ni pasi ya kunyooshea nguo!

Usiziuze. Rudisha kisanduku.

Mdogo wako,
Reino


Duluth, 24 Oktoba

Reino mpenzi,

Nashukuru umejibu, hata kama ni kwa makelele. Goti lipeleke kwa daktari, usilitukane tu.

Sirudishi kitu. Mahubiri yako nayasikia tangu ulipokuwa na ndevu nyeusi. Sikukuuliza kama digitali ni dhambi. Nilikuuliza nifanyeje matoazi yalie. Nimebakiwa na wiki tano.

Nakutumia mkate wa iliki. Nimeuoka nikiwa nimekaa kwenye stuli.

Dada yako,
Kaarina


Thunder Bay, 8 Novemba

Dada,

Mkate umefika umekauka. Nimeuchovya kwenye kahawa na kuumaliza kabla mke wangu hajarudi. Goti linakusalimu.

Sijabadili msimamo, tuelewane. Lakini ndani ya hiki kisanduku cha sigara kuna rezista mbili za omu moja, vijiti vya kuuzuia umeme kidogo. Nimezichomea nyaya mwenyewe. Kila spika iwekewe moja kwenye waya wake mwekundu. Sauti za juu kabisa zitafifia kidogo, ila amplifaya haitaona tena shimo mbele yake, itaona sakafu.

Kisha nyuma ya amplifaya, chini ya tundu la waya wa umeme, upande wa kushoto, kuna kitufe kidogo cheusi cha mizigo migumu kama spika hizi. Zima kwanza, ungoje dakika moja. Ni kigumu hicho, kucha haitoshi. Tumia ncha ya kalamu, sukuma mpaka usikie tik.

Mdogo wako,
Reino


Duluth, 17 Novemba

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, ila jirani yangu amechoka na tango. Yamelia, Reino! Matoazi yote, mpaka mwisho wa santuri, taa nyekundu haijawaka hata mara moja. Nami nimelia, na hayo yabaki kati yetu.

Sasa nijibu. Nilikutumia picha ya mbele tu. Kitabu cha maelekezo hakitaji kitufe chochote. Aliyeniuzia alipiga magoti kukitafuta, hajawahi kukiona. Wewe umejuaje kiko kushoto? Umejuaje kucha haitoshi? Umeinunua lini, Reino? Na klabu ikija kwako kunywa kahawa, unaificha wapi?

Usininunie, nacheka. Yule mtu nimemwandikia kwamba siuzi tena, kasema atakuja hivyo hivyo. Njoo unisaidie kumkatalia, wewe ndiye mwenye mdomo.

Unakumbuka Baba alivyosema spika zile zina kiti kimoja tu, pale katikati, na pembeni husikii kitu? Tulivyopigana kwa ajili ya kiti hicho! Jana nimeweka viwili, kimoja nyuma ya kingine, kama kwenye basi. Nimejaribu vyote. Kumbe mstari ule ulitutosha sote wawili.

Dada yako,
Kaarina


Duluth, jikoni kwako, 29 Novemba

Dada,

Ulipokwenda kununua maziwa, mtu wako wa Minneapolis alifika. Naandika kwa sababu ana kwa ana nitaanza kubisha. Mimi ni mzima. Goti limevuka mpaka wa Kanada bila kulalamika.

Nilimkalisha kiti cha mbele. Tango lilipokwisha alifuta miwani, akaongeza bei. Nikasema hapana. Akauliza, "Mzee, hii amplifaya gani?" Kwenye klabu ningesema ni ya valvu, iko chumba cha pili. Nikamwambia, "Ya digitali. Nami ninayo kama hiyo, tangu Agosti. Naificha nyuma ya makoti." Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe husoma jarida letu, kwa hiyo kufikia Jumatano klabu nzima itajua. Sijali. Sijali sana.

Santuri nimeigeuza upande wa pili, nakungoja wewe tu. Kaa kiti cha mbele. Si kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Ni kwa sababu mimi ni mrefu, nitakuzibia.

Mdogo wako,
Reino