Riwaya Uliyoipimia Udongo

Mhina, mtani wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwepo ukitolewa ndani. Wala sikupi pole, kwa sababu pole zote nilizokuwa nazo nimewapa mkeo na wanao, wanaozistahili. Mimi ni binti wa mjomba wako, na binti wa mjomba haitwi msibani kwako kuja kulia. Anaitwa kuja kukusema. Nilikusema siku ile uani kwako Masuguru, lakini sikumaliza, ndiyo maana nakuandikia.

Hukuona nilivyokuigiza. Nilivaa koti lako la kaki na miwani yako, nikakishika kile kitabu chako juu chini, nikapita kati ya watu nimechomoza shingo kama wewe, nikimuuliza kila mmoja, "Mwaka huo mvua ilinyesha?" Walicheka mpaka mkeo naye akacheka pale mkekani. Walipoinua jeneza nikajilaza kizingitini. Watani wengine hudai chochote kidogo ndipo wapishe. Mimi nilisema huyu hatoki mpaka mtu aniambie riwaya yake inaishaje, maana yeye anakwenda hajui. Walikuwepo walioisoma shuleni, niliwaona wakitazama chini. Mwishowe mdogo wako akaniinua kwa mkono, na hapo nikalia, jambo ambalo halikuwa kazi yangu.

Ndivyo ulivyokufa, Mhina. Miaka yote ile unachunguza historia ya riwaya moja, na hukusoma hata ukurasa wa kwanza. Nani anafanya hivyo? Mtu mwenye akili timamu akinunua kitabu anakifungua. Wewe ulikinunua stendi ya Korogwe, kwa yule muuza vitabu chakavu, ukatazama jalada lenye picha ya mkonge na mwanamume mwenye panga, ukakifunga kwenye mfuko wa nailoni kama dawa ya panya. Ukaja Handeni kuniambia kwamba hii ni riwaya kubwa ya manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge wakati wa mkoloni, na kwamba tutaisoma pamoja, lakini kwanza tuujue wakati wenyewe. "Hatupandi kabla ya kupima udongo," ulisema. Ulikuwa bwana shamba mstaafu na kila kitu kwako kilikuwa shamba. Nilikujibu kwamba wakulima waliokusubiri upime udongo walipitwa na mvua, ukacheka, ukadhani natania.

Basi tukaanza kwenda Hale, kwenye mashamba ya mkonge. Ulivyopenda wazee wewe, mtu angedhani unawanunua. Tuliwafuata mpaka vibarazani, wale waliowahi kukata mkonge, ukawauliza mapanga yalinolewa wapi, treni ilipita saa ngapi, msimamizi alipiga filimbi au kengele. Ulitaka kujua maharage ya posho yalikuwa ya rangi gani. Mzee mmoja alisinzia ukiwa katikati ya swali, nawe ukamngojea aamke. Alipoamka akasema mekundu, ukarudi kwenye bodaboda umefurahi kama bwana harusi. Mwalimu jirani yako alijaribu mara moja kukuambia kitabu kinahusu nini. Uliziba masikio kwa vidole viwili, mtu mzima mwenye wajukuu, ukasema asikuharibie.

Ningeweza kukisoma bila wewe. Nakala zimejaa, na mimi si mtoto wa kungoja ruhusa yako. Sikukisoma kwa sababu nilizipenda zile safari. Nilipenda kukaa nawe kwenye benchi la mama ntilie pale Hale, tunakula samaki wa mtoni, nakucheka na wewe hukasiriki. Tangu ufe sijapata mtu wa kumdharau kwa raha namna ile. Wengine wanaumia.

Nikupe habari za kwako. Zile karatasi zako zote, ramani za reli na maneno ya wazee, mkeo amempa muuza karanga. Nilipita stendi wiki iliyopita nikauziwa karanga ndani ya mwandiko wako, nikazila zote palepale. Chumba chako cha kusomea kina kuku sasa. Ni chumba kizuri sana kwa kuku, kina hewa, na kwa mara ya kwanza kinatoa kitu. Kitabu nilipewa mimi. Hakuna mwingine aliyekitaka.

Arobaini yako ilipopita nikautoa ule mfuko wa nailoni, nikaanza.

Sasa nisikilize. Riwaya yako haihusu mkonge. Yule mwanamume mwenye panga anaaga na kuondoka kabla sura ya kwanza haijaisha, na kitabu hakimfuati. Kitabu kinabaki kijijini na mkewe, kwenye nchi kavu kama hii yetu, mvua imegoma, ghala limebaki vumbi, mama mkwe anahesabu kila punje anayosaga mkwewe. Mke anaungoja ujumbe kutoka shamba la mkonge na ujumbe hauji. Ndiyo riwaya nzima hiyo, mpaka nilipofika. Hakuna filimbi wala kengele. Mkonge uko kwenye jalada, Mhina, na wewe ulilifanyia utafiti jalada.

Nilicheka peke yangu dukani kwangu mpaka mteja akaondoka. Kisha nikakifunga kitabu, maana nilimkumbuka Bibi.

Bibi yetu, mama wa mama yako na wa baba yangu, ambaye ninaishi naye hapa Handeni. Kila ulipokuja tulianzia kwake. Ulimpa shikamoo, ukanywa chai yake, ukachukua muhogo wake wa kuchemsha, tukaondoka. Babu alikwenda kukata mkonge mwaka wa njaa, akakaa huko mpaka watu wakamsahau sura, na aliporudi alikaa uani akisimulia mkonge mpaka siku aliyokufa. Sisi sote tulikua tukimsikiliza. Bibi alikuwa akipita nyuma yake na ndoo. Wewe uliyeuliza rangi ya maharage, hukuwahi kumuuliza mwanamke huyu alikula nini mumewe alipokuwa hayupo. Alikuwa akitufungia muhogo anatuambia, "Haya, nendeni mkawaulize wanaume." Tulidhani anatuombea safari njema.

Nilikwenda kumuuliza. Nilikaa miguuni pake nikamwomba anisimulie miaka ile, ili nikielewe kitabu. Unajua alivyonitazama? Ungekuwepo ungetafuta pa kujificha, pamoja na koti lako. Akasema, "Leo ndiyo mmefika kwangu, mmoja ameshakufa." Akakataa. Akasema nimsomee hicho kitabu kwanza, chote, na nisimuulize kitu njiani. Nikimaliza ataniambia ni wapi mwandishi amedanganya.

Kwa hiyo namsomea kila jioni baada ya kufunga duka. Hataki nieleze neno. Pale penye mama mkwe anazipima punje kwa kiganja, aliguna tu, akanyoosha kiganja chake mwenyewe akakitazama. Jana nilimuuliza kama anadhani yule mume atarudi. Nilisahau kwamba nimekatazwa kuuliza. Akasema, "Heri akawie. Akirudi ataanza kusema yeye."

Lakini kifua chake si kizuri, Mhina. Anakohoa mpaka naacha kusoma, naye ananiashiria kwa mkono niendelee. Kitabu ni kinene na tumefika nusu. Naogopa. Hadithi ya Babu tunayo mpaka tumechoka nayo, ya Bibi hatuna hata moja, na ipo kwake tu. Akiondoka kabla sijafunga ukurasa wa mwisho, itakuwa tumemwacha aende nayo, mimi na wewe, tukiwa njiani kwenda Hale. Nakudharau kwa hilo kuliko yote. Na nakukumbuka kwa hilohilo, kwa sababu nikimsomea natamani uwe umekaa pale kwenye kigoda, umechomoza shingo, umenyamazishwa.

Nimeacha kusoma kwa mbwembwe ili tuwahi kumaliza. Naruka salamu ndefu na maelezo ya milima, namfikisha moja kwa moja kwa yule mwanamke wa kitabuni. Bibi haoni ninavyoruka, au anaona na anakubali.

Pumzika basi, mume wangu wa utani, mpima udongo. Ahadi yangu ni moja. Tukimaliza, na Bibi akishasema ya kwake, nitapanda basi nije Masuguru. Nitasimama juu ya kaburi lako nikuambie riwaya inavyoisha, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na baadaye nikuambie aliyosema Bibi. Hutaweza kuziba masikio.

Mimi binti wa mjomba wako,
Handeni.